Maswali yenu: Mnatupa nukta, kisha mnataka kulainisha

Juzi kijana wa boda aliniletea kifurushi hadi mlangoni, akanipa simu yake nitie saini kwa kidole. Saini yangu ina kitanzi kimoja kikubwa mwanzoni na mkia mrefu, na nimeiandika hivyo tangu nilipochukua kitambulisho. Kilichotokea kwenye kioo ni vijiti vilivyounganishwa ovyo, kama nyaya za stima baada ya mvua kubwa. Kijana akanituliza: "Iko sawa tu mzee, hata ungechora kuku." Niliporudi ndani na kufungua barua zenu, kumbe nusu mnauliza habari hiyo hiyo. Basi leo ni wino wa kioo tu. Wa vipakatalishi vilivyoingia maji mtasubiri.

Swali: Natengeneza programu ya kutia saini inayofanya kazi kwenye kivinjari. Mtu akiandika polepole mstari unapendeza, akiharakisha unakuwa kona kona. Nimelainisha kwa Catmull-Rom, nikajaribu Bézier (zote njia za kuchora mkunjo kwa kutumia nukta), bado. Nitumie hesabu gani? (Mtengenezaji programu, Kilimani)

Hesabu zako hazina kosa. Umewasha jiko kabla ya kwenda sokoni.

Piga hesabu nami. Tuseme mkono wenye haraka unakwenda sentimita 30 kwa sekunde. Kivinjari kinakuletea tukio moja, yaani taarifa ya mahali kidole kilipo, kwa kila fremu (kila mara kioo kinapochorwa upya), na kioo cha kawaida kina fremu 60 kwa sekunde. Gawanya: nukta zako zimeachana nusu sentimita. Sasa chukua kitanzi cha saini chenye upana wa sentimita moja. Mzunguko wake ni kama sentimita 3, kwa hiyo kimepata nukta sita. Ukiunganisha nukta sita unapata umbo la pembe sita, na hicho ndicho unachokiona. Hakuna fomula itakayojua mkono ulipita wapi kati ya nukta mbili. Itabahatisha, na wewe utaita kubahatisha huko kulainisha.

Kinachoniudhi ni kwamba nukta nyingine zilikuwepo. Vioo vingi hupima mguso mara nyingi kuliko vinavyochora. iPad Pro ya kwanza, ya mwaka 2015, ilipima kalamu yake mara 240 kwa sekunde. Kivinjari hukusanya vipimo hivyo, kikakukabidhi tukio moja, na vilivyosalia vikakaa ndani ya tukio hilo vikingoja kuitwa. Wito wake ni getCoalescedEvents. Kwa anayeandika moja kwa moja kwenye Android, ni getHistorySize pamoja na getHistoricalX. Ni mistari mitatu ya msimbo. Vijana huniletea programu zao nizikague, na mara nyingi mistari hiyo mitatu haimo, lakini kazi ya kulainisha imejaza faili nne.

Ukishakuwa na nukta zote, njia ya kimaskini inatosha. Una nukta A, B na C. Tafuta katikati ya A na B, kisha katikati ya B na C. Chora mkunjo kutoka katikati ya kwanza hadi ya pili, B ikiwa ndiyo inayouvuta. Endelea hivyo kwa C na D. Vipande vitaungana bila kona, kwa sababu mahali vinapokutana vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Gharama yake ni kwamba mkunjo haupiti juu ya B yenyewe, unapita karibu. Nukta zikiwa zimebanana hakuna atakayeona. Usisahau kipande cha mwanzo na cha mwisho. Wengi hukoma kwenye katikati ya mwisho, halafu wananiandikia kwamba mkia wa saini umekatwa.

Catmull-Rom hupita juu ya kila nukta, ni kweli, ila ile ya kawaida hupiga vifundo pale nukta zinapoachana bila mpangilio, na kidole cha mtu hakina mpangilio. Ukiing'ang'ania, tumia aina yake iitwayo sentripeta. Na Bézier mwenyewe alikuwa mhandisi wa Renault. Mikunjo ile ilitumikia bodi za magari, na bodi ya gari haina haraka ya kurudi kazini.

Swali: Mstari una ukungu kwenye simu, kwenye kompyuta uko safi. (Wasomaji wanne, barua nne, wiki moja)

Zidisha pikseli za kanvasi (eneo la kuchorea kwenye ukurasa) kwa devicePixelRatio, yaani pikseli halisi za kioo kwa kila pikseli ya ukurasa, kisha ipe ukubwa wa kawaida kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Kanvasi usiyoipa kipimo huzaliwa na pikseli 300 kwa 150, nanyi mnaivuta kama shati la mitumba lisilowatosha. Hii ni mara yangu ya mwisho kulijibu.

Swali: Kipimo cha nguvu ya kubonyeza kinasoma 0.5 wakati wote, hata nikikandamiza. Je, simu yangu ni mbovu? (Msomaji, Umoja)

Simu ni nzima. Haipimi nguvu, basi kivinjari kinajaza nusu kwa ustaarabu. Na ile kalamu ya ncha ya mpira uliyonunua Luthuli, machoni pa kioo, ni kidole kirefu tu. Ukitaka mstari mnene na mwembamba, tumia kasi: unapokwenda mbio upunguze upana, unapotulia uuongeze. Lakini upana nao uubadilishe taratibu, ama utapata mstari kama nyoka aliyemeza mayai.

Swali: Nimeweka kichujio na mstari umelainika sana, ila sasa unamfuata mtu kwa nyuma. Wateja wanasema unavuta. (Mbunifu, South B)

Umechukua kila nukta ukaichanganya na wastani wa zilizotangulia. Wastani hutazama nyuma. Kadiri unavyolainisha ndivyo unavyochelewa, na kona za herufi kama z zinageuka mviringo. Chukua mkono ule ule wa sentimita 30 kwa sekunde: ukichelewa milisekunde 100, wino uko sentimita 3 nyuma ya ncha. Hapo mtu haandiki tena, anavuta kamba. Apple walipotangaza mwaka 2019 kwamba wameshusha kuchelewa kwa kalamu yao kutoka milisekunde 20 hadi 9, ungeweza kucheka kwamba ni tofauti isiyoonekana. Kwa mkono huo ni kutoka milimita 6 hadi chini ya milimita 3. Inaonekana.

Kama lazima uchuje, chuja kulingana na kasi. Mwaka 2012 Casiez, Roussel na Vogel walitoa kichujio walichokiita Euro Moja, na kinaingia kwenye msimbo mfupi kuliko barua yako. Mkono ukienda pole kinachuja sana, kwa sababu hapo ndipo mtetemo unaonekana na kuchelewa hakuonekani. Ukikimbia kinalegea, kwa sababu hapo ndipo kuchelewa kunaonekana na mtetemo unafunikwa na mwendo. Una namba mbili za kurekebisha. Zirekebishe ukiwa na simu mkononi, si kwa kutazama grafu.

Vivinjari vingine pia hubashiri nukta zijazo, kwa wito wa getPredictedEvents. Zichore, kisha zifute fremu inayofuata. Usizihifadhi. Nimeona programu iliyohifadhi ubashiri pamoja na ukweli, na kila kona ya kila herufi ikaota kijiba mithili ya ndevu za mbuzi. Mwenyewe alidhani ni mtindo.

Swali: Mstari unatetemeka wenyewe simu ikiwa kwenye chaji. Nibadilishe kichujio? (Fundi, Kasarani)

Badilisha chaja. Hizo za bei ya jioni pale stejini hupitisha kelele za umeme hadi kwenye kioo, na kioo kinazidhani ni kidole. Na kwa wote wenye shaka na vioo vyao: weka rula mshazari, chora mstari kando yake polepole sana. Ukitoka na mawimbi yanayorudiarudia kwa nafasi sawa, hayo ni matundu ya gridi ya vihisi iliyo chini ya kioo. Hakuna msimbo wako utakaoyamaliza, na hujakosea popote.

Swali: Assalaam alaikum. Nafundisha watoto herufi za Kiarabu kwa tableti. Nataka mstari ufanane na kalamu ya mwanzi, lakini tableti zetu hazipimi nguvu. Pia ba, ta na tha zinatoka sawa, nukta hazionekani. Nifanyeje? (Mwalimu wa madrasa, Eastleigh)

Wa alaikum salaam, maalim. Hili ndilo swali lililonifurahisha mwezi huu wote.

Habari njema ni kwamba huhitaji nguvu. Mwanzi uliokatwa vizuri hunenepesha mstari kwa pembe kuliko kwa kukandamizwa. Ichukulie ncha kama kijistari kifupi kilichoinama kwa pembe moja isiyobadilika. Kila mahali kidole kinapofika, weka kijistari hicho hapo kwa pembe ile ile. Kisha unganisha miisho ya kijistari kilichotangulia na miisho ya kinachofuata: unapata umbo la pande nne. Lijaze wino, endelea. Mkono ukienda sambamba na ncha, umbo linabanana hadi kuwa uzi. Mkono ukivuka ncha kwa pembe mraba, linatanuka upana wote. Weka unene wa chini kabisa, pikseli moja au mbili, ili uzi usikatike. Jaribu na bakuli la ba: utaliona likinenepa na kukonda lenyewe mkono unapogeuka, na hakuna ulichopima zaidi ya mahali kidole kilipo. Afadhali hivyo kuliko brashi za mapambo zinazouzwa kwa watoto, ambazo zinawafundisha kwamba uzuri wa herufi hutoka kwenye menyu.

Nukta zilizopotea ni jambo jingine, na hapa nina ugomvi na aliyekutengenezea programu. Kuna mambo mawili. Huenda msimbo unachora pale tu kidole kinapotembea, kwa hiyo mguso wa papo kwa papo hauachi chochote. Hata waandishi wa Kiswahili hupoteza nukta ya i kwa sababu hiyo. Au ameweka sheria ya kufuta kila mstari mfupi kwa kudhani ni uchafu wa kiganja. Kwa mtu wa saini nukta ni uchafu. Kwako ndiyo inayotenga ba na ta na tha, zote zikiwa na bakuli moja. Mwambie aondoe sheria hiyo, na mguso usiotembea auwekee umbo la ncha yenyewe: msambamba mdogo, si duara. Nukta ya mwanzi ina pembe, na ndiyo hiyo Ibn Muqla, waziri wa Baghdad wa karne ya 10, aliifanya kipimo cha herufi nyingine zote. Watoto wakiizoea duara, siku watakaposhika mwanzi halisi watashangaa.

Swali: Nikitia saini kuelekea chini, ukurasa mzima unapanda na mstari unakatika. (Msomaji, Rongai)

touch-action: none, agizo la CSS linalozuia kidole kusogeza ukurasa, kwenye kanvasi peke yake. Ukiiweka kwenye ukurasa mzima, barua inayofuata itatoka kwa mtu asiyeweza kuteremka.

Swali: Sisi ni chama cha akiba na mikopo. Wanachama watatia saini fomu kwa simu. Tuhifadhi saini kama picha? (Katibu, jijini)

Hifadhi nukta ghafi, kila moja na wakati wake. Picha utaitoa siku yoyote kutoka kwenye nukta, lakini nukta huwezi kuzitoa kwenye picha. W3C, shirika la viwango vya wavuti, walitoa umbizo la InkML mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Kulainisha kufanyike wakati wa kuonyesha tu. Ukihifadhi mstari uliolainishwa, ulichonacho ni saini iliyoandikwa nusu na mwanachama, nusu na programu yako, na siku ya ubishi hutajua nusu ipi ni ipi.

Hukuuliza, ila nitasema. Mwendo wa mkono ni sehemu ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka data za bayometriki katika kundi nyeti. Muulize wakili kabla ya kuzijaza kwenye seva. Na msijidanganye kwamba mchoro mzuri ndio usalama. Sheria yetu inapozungumzia saini ya kielektroniki ya hali ya juu, inadai iwe imefungwa kwa mtu mmoja, iwe chini ya udhibiti wake peke yake, na hati ikiguswa baadaye ijulikane. Mkunjo laini hautoi hata kimoja kati ya hivyo. Kuku wa yule kijana wa boda angepita.

Swali: Rangi ya kuangazia maneno inatoka na madoa meusi kila nukta zinapoungana. (Mwanafunzi, Parklands)

Chora mstari mzima kwenye tabaka la pembeni ukiwa rangi kamili, kisha lififishe tabaka lote kwa mara moja.

Swali: Nipe maktaba nzuri ya JavaScript, kazi ni ya kesho asubuhi. (Mwanafunzi, Juja)

Kwa saini, signature_pad. Kwa maandishi na michoro, perfect-freehand. Hii haikukusanyii nukta, unaipelekea mwenyewe, kwa hiyo rudi swali la kwanza. Na kabla hujaituma hiyo usiku wa manane, shuka uijaribu kwenye simu ya askari wa geti.