Panya mwenye sukari na chupa mbili

Baada ya makala kuhusu panya wa maabara na kisukari, maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo ya leo.

*Shikamoo mwalimu. Nauza kahawa na kashata. Wateja wenye sukari ndio wa kwanza kuomba kashata. Na panya nao wako hivyo?* (Muuza kahawa, Ngamiani)

Marahaba. Inategemea kisukari chenyewe. Mwaka 1941 Curt Richter na mwenzake, wa Johns Hopkins kule Baltimore, walieleza habari za panya waliotolewa kongosho, wakabaki na upungufu wa insulini. Walipoachiwa kuchagua chakula wenyewe, walipunguza wanga wakaongeza mafuta, na dalili zikapungua. Mwili uliokosa insulini unashindwa kuitumia sukari vizuri, ila mafuta unayatumia. Lakini wateja wako wengi, nadhani, wana kisukari cha aina ya pili, ambapo insulini ipo ila mwili hauiitikii vizuri, kwa hiyo panya hao si mfano wao. Wawekee karanga kando. Kahawa chungu haikatai.

*Nimesoma kwamba panya akipata kisukari hunywa maji matamu kupita kiasi. Si ushahidi tosha kuwa anapenda utamu?* (Kidato cha tano, Chumbageni)

Hautoshi. Panya wengi wa majaribio haya hudungwa streptozotosini, kemikali inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari inapanda kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka na mkojo ikivuta maji. Panya anakojoa sana, kiu inamshika, na mwenye kiu hunywa chochote alichowekewa. Ukihesabu mililita tu, utaandika "anapenda utamu" kumbe umepima kiu.

Ndiyo maana huwekewa chupa mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji ya sukari, kisha huangaliwa ni sehemu gani ya vyote alivyokunywa imetoka kwenye chupa tamu. Chupa hubadilishwa pande, maana wapo panya wenye upande wao, hata uweke nini. Bado kuna mtego: sukari ikifika tumboni huleta mambo mengine, nayo panya hujifunza kwayo. Hapo sakarini inasaidia, kwa kuwa ni tamu lakini si chakula. Wengine humpa panya sekunde chache tu kwa kila ladha, mashine ikihesabu anavyolamba, kabla tumbo halijapata neno la kusema. Mimi nikisoma utafiti wa namna hii natafuta kwanza walivyotenganisha kiu na hamu. Nisipoona, nafunga.

*Kwa hiyo hakuna panya mwenye kisukari aliyezidi uroho wa vitamu?* (Mama wa Makorora)

Wapo, mama. Kuna panya wadogo waitwao db/db, walioelezwa mwaka 1966 na watafiti wa maabara ya Jackson, jimbo la Maine, Marekani. Wamerithi hitilafu kwenye kipokezi (sehemu ya chembe inayopokea ujumbe) cha leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Kwa kuwa taarifa haifiki, hula bila kikomo, hunenepa, na kisukari hufuata. Mishipa ya fahamu itokayo kwenye ulimi wao huitikia utamu kwa nguvu kuliko ya panya wa kawaida. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwamba, kwa panya wasio na hitilafu hiyo, leptini huzituliza chembe za ulimi zinazohisi utamu. Kwa db/db haikufua dafu. Kwa hiyo hitilafu ile ile iliyowaletea ugonjwa ndiyo inayougusa ulimi, na hilo ndilo lililonivutia kuliko yote.

*Paka wangu hagusi hata halua. Kisukari hakimpati?* (Raskazone)

Kinampata. Paka hasikii utamu kwa sababu jeni moja ya kipokezi chake imeharibika, jambo lililoelezwa mwaka 2005. Hata hivyo paka wanene huugua kisukari.

*Wazee walisema sisimizi wakijaa kwenye mkojo, una sukari. Ni kipimo?* (Pangani)

Sukari wanaifuata kweli, ila wanachelewa. Kwa kawaida figo huanza kumwaga sukari pale kiwango chake kwenye damu kinapopita takriban milimoli 10 kwa lita, ilhali kisukari hutambuliwa kuanzia milimoli 7 asubuhi kabla ya kula. Mtu anaweza kuugua muda mrefu pasipo sisimizi hata mmoja. Nenda zahanati, wakutoboe kidole.