Koki nyuma ya bega: kwa nini ndege ya John Denver ilianguka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea urubani wa ndege ndogo. Nimesoma kwamba mwanamuziki John Denver alikufa mwaka 1997 baada ya injini ya ndege yake kukosa mafuta, ingawa ilikuwa na matangi mawili. Darasani tunafundishwa kwamba injini ikizimika ndege bado inaelea na unaweza kutua. Mbona yeye aliingia baharini kichwa chini? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Ulichofundishwa ni kweli, na ajali hii haikipingi. Mabawa hayahitaji injini, yanahitaji mwendo. Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, ikizimika injini, ukiishika kwenye mwendo wake wa kuelea wa noti 65 hadi 68 (kilomita 120 hadi 126 hivi kwa saa), husonga mbele takriban mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka. Kinachoua mara nyingi ni kile rubani anachokifanya, au anachoacha kukifanya, mara baada ya injini kunyamaza.

Ndege ya Denver ilikuwa Long-EZ, ndege ndogo iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan na kuundwa na mtu binafsi kwa kufuata michoro. Katika michoro hiyo, koki ya kuchagulia tangi (mafuta ya tangi moja yakiisha, unaigeuza kwenda jingine) iko mbele, rubani anaifikia bila shida. Aliyeiunda hii hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani, akaihamishia koki nyuma, kwenye ukuta unaotenga injini, juu ya bega la kushoto la rubani. Sasa jiweke kwenye kiti hicho. Usukani wa Long-EZ ni kijiti kilicho upande wa kulia. Ili kugeuza koki inabidi uachie usukani, ujipinde kiunoni, upeleke mkono wa kulia nyuma ya bega la kushoto, upapase. Kishikio hakikuwa na maandishi yoyote. Kukielekeza juu ni kufunga, chini ni tangi la kulia, na kulia ni tangi la kushoto! Vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta navyo vilikuwa nyuma, bila alama za vipimo.

Denver alikuwa ameipata ndege hiyo siku chache tu. Jumapili ya tarehe 12 Oktoba 1997, katika uwanja wa Monterey, California, alizungumza na fundi kuhusu ugumu wa koki. Wakajaribu kuirefusha kwa koleo, haikusaidia. Fundi akampa kioo kidogo cha mkononi ili aone mafuta yaliyobaki nyuma yake. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta alikataa, akasema angeruka kwa muda wa saa moja tu. Alitua na kupaa mara kadhaa, kisha akaelekea ufukweni Pacific Grove. Mashuhuda walikadiria alikuwa futi 350 hadi 500 hivi. Baadhi yao walisikia mlio wa injini ukipungua ghafla, kisha ndege ikainamisha pua na kuzama.

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, walifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wangu namweleza. Waligundua kwamba rubani akijipinda kuifikia koki ile, mguu wake wa kulia unasukuma kanyagio la kulia, la kugeuzia pua ya ndege, bila yeye kukusudia. Kanyagio hilo likizama, pua inayumba kulia na ndege inalala upande huo, na wakati huo hakuna mkono kwenye usukani. Koki ilikutwa katikati, haijafika sawasawa kwenye tangi lolote. Ndiyo maana bodi ilitaja kuwa chanzo kuhamishwa kwa umakini wa rubani na kukanyagwa kwa kanyagio lile, ikaongeza kutojaza mafuta. Mahali pa koki, vioo visivyo na alama na uchache wa mafunzo kwenye ndege ya aina ile vilitajwa kuwa vilichangia. Alikuwa rubani mwenye zaidi ya saa 2,700, kwa hiyo usijifariji kwamba hili ni la wanaoanza.

Kwa kimo kile Cessna 172 ingekupa sekunde kama 30 hadi 40. Zinatosha kushusha pua, kushika mwendo, kunyoosha mabawa na kutua juu ya maji ukiwa na nafasi ya kupona. Koki inashikwa baada ya hayo, tena kama mkono unaifikia bila kuondoa macho mbele.

Kwenye 172 utaikuta sakafuni kati ya viti, na ina nafasi ya kutumia matangi yote mawili kwa pamoja. Piper PA-28, ndege nyingine ndogo ya mafunzo, haina nafasi hiyo. Koki yake iko ukutani kwa goti lako la kushoto na lazima ubadilishe tangi mwenyewe. Badilisha ukiwa juu, karibu na uwanja, kabla tangi halijakaribia kwisha. Kabla ya kuwasha injini, funga mkanda, tazama mbele, kisha ifikie na uigeuze kwa kupapasa tu. Ukiona ngumu, au maandishi yamefutika, andika kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege na usiirushe ndege hiyo mpaka fundi ameitengeneza na kutia saini.