Wasomaji Wauliza: Sindano ya Kontrasti kwenye CT Scan

Barua za safari hii kutoka Tanga mjini na wilaya za jirani zimeelemea jambo moja: kontrasti, ile dawa anayochomwa mgonjwa mshipani akiwa kwenye mashine ya CT scan ili viungo na mishipa ionekane wazi pichani. Wataalamu wetu wa picha za tiba wamejibu tano.

Mume wangu akila kamba huvimba midomo na kuwashwa mwili mzima. Ameandikiwa CT scan ya tumbo yenye dawa. Jirani kaniambia dawa hiyo ina madini joto kama vitu vya baharini, hivyo itamdhuru. Akatae? – Mama, Sahare

Asikatae, mama. Ni kweli dawa ina iodini, yaani madini joto, tena kwa wingi: mililita 100 za kontrasti yenye nguvu ya 300, yaani miligramu 300 za iodini kwa kila mililita, hubeba gramu 30. Lakini kinachomvimbisha mumeo ni protini iliyomo kwenye misuli ya kamba, iitwayo tropomiosini, na protini hiyo haimo katika kontrasti. Kama iodini ndiyo ingekuwa adui yake, angevimba kila anapoonja mchuzi uliotiwa chumvi yenye madini joto.

Mtu mwenye aleji yoyote, iwe ya kamba, karanga au vumbi, ana hatari iliyozidi kidogo tu ya mtu mwingine, na ziada hiyo haitoshi kumnyima kipimo. Swali zito ni hili: je, amewahi kuchomwa kontrasti yenyewe akatokwa na vipele, akabanwa kifua au kuzirai? Kama ndiyo, aliseme siku anapopangiwa miadi, asingoje mlangoni. Wahudumu wakijua mapema wanaweza kuchagua kontrasti ya aina tofauti na ile iliyomdhuru, na hatua hiyo ndiyo yenye faida kubwa. Daktari anaweza kuongeza vidonge vya predinisoni, dawa ya kutuliza aleji, miligramu 50 kila mara, saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya sindano. Kidonge kinachomezwa dakika chache kabla ya kuingia hakisaidii, kwa sababu dawa ya namna hiyo huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Hofu ya jirani yako ina asili yake. Kontrasti za zamani zilikuwa na mkolezo uliozidi wa damu karibu mara tano, na ziliwasumbua wengi. Utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 1990, wenye wagonjwa zaidi ya 330,000, ulikuta athari kali kwa watu 22 katika kila 10,000 waliopewa dawa za zamani, na watu 4 tu katika 10,000 kwa dawa za kizazi kipya. Hao wanne nao ni watu, ndiyo maana adrenalini, dawa ya kuokoa mtu mwenye aleji kali, lazima iwe karibu na kitanda: miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima. Mumeo akae akiangaliwa nusu saa baada ya sindano, kanula, yaani kile kijibomba cha plastiki kinachoachwa mshipani, ikiwa bado mkononi. Wakitaka kuing'oa na kumruhusu mara tu picha zinapoisha, aombe kusubiri.

Nilipochomwa, mkono ulivimba ukauma siku mbili. Nimepangiwa tena. Nifanyeje? – Ngamiani

Pole sana. Dawa ilimwagika nje ya mshipa, na mara nyingi chanzo ni kanula isiyolingana na kasi ya mashine. Kontrasti husukumwa na pampu: mililita 2 hadi 3 kwa sekunde kwa tumbo, 4 hadi 5 kwa mishipa ya moyo au mapafu. Rangi ya kanula huonyesha unene wake. Ya bluu, iliyo nyembamba, ikiwekwa nyuma ya kiganja haiwezi kuhimili kasi ya 5. Ya pinki, kwenye mshipa mnene wa ndani ya kiwiko, hutosha kwa kazi nyingi. Kasi ikiwa kubwa zaidi huwekwa ya kijani, iliyo nene zaidi. Kanula iliyolala mkononi tangu juzi wodini ina mashaka, na mshipa uliotobolewa mara mbili tatu upande huo huo huvuja kupitia matundu ya awali.

Kabla ya dawa, mhudumu hupitisha kwanza maji ya chumvi huku akipapasa ngozi juu ya kanula. Ikituna, hapo ni kusimama. Mwambie mapema yaliyokupata, na omba mkono wa pili utumike.

Dawa ikiingia utahisi joto mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na kama vile umejikojolea. Hayo ni ya kawaida na hupita ndani ya dakika moja au mbili. Maumivu makali pale pale kwenye kanula si ya kawaida: paza sauti papo hapo, usivumilie, kwa sababu kila sekunde ni mililita kadhaa. Ikivuja, mkono huinuliwa juu ya usawa wa moyo na kuwekewa kitambaa baridi. Usichue. Vidole vikifa ganzi, ngozi ikipauka au ikitoa malengelenge, rudi hospitali bila kungoja kesho.

Ninaugua kisukari na nameza metformini. Nimeambiwa niiache. Ni lazima? – Mzee, Muheza

Shikamoo mzee. Inategemea figo zako. Metformini hutolewa mwilini na figo. Zikidhoofika ghafla, dawa hujikusanya na damu huwa na asidi. Kwa hiyo ulizia kiwango cha kuchuja cha figo, kinachokokotolewa kutokana na kreatinini (taka ya damuni inayotolewa na figo), umri na jinsia. Kikiwa mililita 30 kwa dakika au zaidi, na figo hazijaumia hivi karibuni, kwa kawaida unaendelea na vidonge. Kikiwa chini ya 30, dawa husimamishwa siku ya kipimo na kwa saa 48 baadaye, kisha figo hupimwa tena kabla ya kuirudia.

Usitosheke na kuambiwa "kreatinini iko sawa." Kreatinini ya mikromoli 130 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni uchujaji wa takriban 67; kwa bibi wa miaka 75 ni takriban 37. Na siku hizo jiepushe na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nayo huzielemea figo.

Kwa nini mama alipigwa picha za ini mara tatu kwa sindano moja? Na mashine mpya hupunguza dawa? – Chumbageni

Kwa ini, muda ndio unaoonyesha ugonjwa. Sekunde 35 hivi baada ya sindano dawa imejaa kwenye ateri, na saratani ya ini hung'aa. Kufikia sekunde 70 ini lenyewe limejaa dawa. Dakika chache baadaye uvimbe huwa umepoteza mng'ao wake, na mabadiliko hayo ndiyo anayoyatafuta daktari. Picha moja ingemficha.

Kuhusu dawa, ndiyo, inapungua. Iodini huzuia zaidi eksirei za nguvu ndogo, hivyo mashine ikishushwa kutoka kilovolti 120 hadi 100 au 80 mishipa hung'aa zaidi, na kwa mtu mwembamba dozi inaweza kupunguzwa bila kuharibu picha. Mashine zinazohesabu fotoni (chembe za eksirei) moja moja, ambazo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, hupima pia nguvu ya kila fotoni na hivyo huitenga iodini vizuri zaidi. Lakini kushusha kilovolti kunawezekana hata kwenye mashine nyingi zilizopo sasa; kinachotakiwa ni mtaalamu anayepanga dozi kwa uzito wa mgonjwa badala ya kummiminia kila mtu chupa nzima.

Nanyonyesha. Nimwachishe mtoto? Na miadi ikiangukia Ramadhani? – Pangani

Endelea kumnyonyesha, dada. Inayoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 1 ya dozi, na utumbo wa mtoto hufyonza chini ya asilimia 1 ya hiyo.

Ramadhani, hukumu ya saumu muulize sheikh wako. Kwa upande wa tiba, mwenye figo nzima omba miadi ya asubuhi mapema, unywe maji ya kutosha kwenye daku na tena baada ya futari. Mwenye figo dhaifu tunamshauri asifunge siku hiyo, au apange kipimo baada ya Idi kama daktari ameona kinaweza kungoja.