Programu yako bado naitumia

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema uko mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, umeanza miradi saba na hujamaliza hata mmoja, na wenzako wameshajua waendako: huyu akili mnemba, yule usalama wa mitandao, mwingine michezo ya simu. Wewe bado unapenda "vitu vidogo vya skrini nyeusi". Kisha ukaniuliza: "Mama, nichague nini? Na hii miradi niliyoitelekeza si dalili kwamba nimepotea njia?"

Kwanza hesabu yako ina kasoro. Mingi ya miradi hiyo ulinionyesha: nyoka anayekula tufaha, kikokotoo, daftari la kazi za siku, tovuti iliyoishia kwenye ukurasa wa kuingilia (hiyo kila mwanafunzi anayo moja, usiililie). Lakini umeizika pamoja nayo ile programu ya kupanga faili, na ile haijafa. Mimi naitumia kila wiki. Naielekeza kwenye rundo la vitu nilivyopakua, picha inazipeleka kwa picha, hati kwa hati, na mimi naendelea na shughuli zangu.

Unakumbuka ulivyoiacha? Nilikuwa na faili mbili zenye jina moja, barua.pdf. Moja ilikuwa tayari kwenye folda ya hati, nyingine nilikuwa nimeipakua siku hiyo. Programu yako ikaihamisha ya pili juu ya ya kwanza, kimyakimya, na ya zamani ikapotea. Uliona haya. Ukanitafutia nakala kwenye barua pepe, ukaniomba radhi, na kesho yake ukaanza mchezo wa nyoka. Faili nilishaisamehe siku ileile. Nyoka ndiye aliyenikera, maana uliondoka pale pale kazi ilipoanza kunoga.

Hebu fikiria ungeirekebishaje. Jibu la haraka ni kuangalia kama jina lipo, na kama lipo, uongeze namba mwishoni. Sawa. Lakini kati ya kuangalia na kuhamisha kuna upenyo mdogo, na programu nyingine inaweza kupitisha faili yake hapo, ukaifuta vilevile. Ukitaka kuziba upenyo huo, itabidi uelewe mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, unavyoshughulikia faili, na unatoa ahadi gani kwa programu zinazouomba kitu kimoja kwa wakati mmoja. Halafu huenda barua.pdf zote mbili ni kitu kilekile, sasa utajuaje? Utachukua alama ya kidole ya kila faili, yaani mfuatano mfupi unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa mfano kwa kanuni ya SHA-256, ambayo hata faili iwe kubwa kiasi gani inakupa biti 256, yaani herufi na tarakimu 64. Alama zikifanana, faili ni ileile. Kwa nini tunaiamini alama fupi hivyo? Swali hilo likikukosesha usingizi, umeshaingia kwenye usalama, na hakuna aliyekutuma. Na mimi nikisema, "Mwanangu, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa jana," utahitaji daftari la kila hatua, linaloandikwa kabla hatua haijafanyika, ili umeme ukikatika katikati ujue ulipofikia. Hifadhidata kubwa nazo zinajilinda kwa mbinu hiyohiyo.

Kwa hiyo swali la uchague nini sitalijibu. Rekebisha mambo hayo matatu, kisha uniambie ni lipi lililokufanya usahau kula.

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 Helsinki mwaka 1991. Alianza na programu ndogo ya kumwezesha kuunganisha kompyuta yake mpya na zile za chuo kikuu. Alipotaka kupakua faili na kuzihifadhi, ikambidi aandike kodi ya kusoma na kuandika diski (kodi ya programu, wala si ile ya mapato), kisha mfumo wa faili, na kazi ikamvuta hivyo hivyo mpaka ikawa Linux, mfumo endeshi kamili. Donald Knuth naye, mwanasayansi wa kompyuta na mwandishi wa vitabu, mwaka 1977 hakupendezwa na jinsi kurasa za kitabu chake zilivyopangwa chapa, akaanza TeX, programu yake ya kupanga chapa, akidhani ni kazi ya muda mfupi. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Na aliyemwonyesha kosa alimwandikia hundi. Wewe ulipoonyeshwa kosa ulimkimbilia nyoka.

Nisijifanye malaika. Programu yangu ya kwanza iliyotumiwa na mtu mwingine ilikuwa ya kupanga orodha ya wanachama kwa namba. Niliijaribu kwa watu tisa, ikaenda vizuri kabisa. Katibu akaingiza orodha yake ya kweli, ikatoka 1, 10, 11, 12, kisha 2. Namba nilikuwa nimezihifadhi kama maandishi, na kompyuta ikazipanga kama maneno ya kamusi. Nilikasirika, tena na katibu! Ilinichukua siku tatu kukubali kwamba amenifundisha kitu ambacho watu wangu tisa wasingenifundisha kamwe.

Najua akili mnemba inaweza kukuandikia marekebisho yote hayo kwa dakika moja. Itumie kama utakavyo. Ila faili yangu ikipotea tena nitakuuliza wewe ilipotelea wapi, na sitaki uniambie ngoja niulize.

Nyoka na kikokotoo viache vilale. Vilikufundisha kitanzi na masharti, vimemaliza kazi yao.

Kwa sasa, kabla sijaiendesha programu yako, naipitia folda kwa macho, na nikiona majina yanagongana nabadilisha kwa mkono. Inachosha. Jana nimekuta barua.pdf nyingine mbili na nimeziacha kama zilivyo, kwa ajili yako. Ukija, weka nakala ya folda nzima kwanza, ndipo uguse kitu.

Mama yako