Columbo: koti, mkweche na "jambo moja tu"

Mmeniandikia wengi kuhusu Luteni Columbo. Kwa asiyemfahamu: ni mpelelezi wa polisi wa Los Angeles katika tamthilia ya televisheni ya Marekani, aliyeigizwa na Peter Falk kuanzia 1968 hadi 2003. Muuaji unamwona tangu mwanzo. Utamu ni kusubiri atanaswaje.

Lile koti chakavu lilitoka wapi?

Kabatini kwa Falk mwenyewe. Alilinunua New York mwaka 1966, mvua ilipomkuta njiani, kwa dola 15.

Nani alibuni ule mtindo wa kuaga, kufika mlangoni, kisha kugeuka na "jambo moja tu"?

Uvivu, wala sitanii. Kabla ya Falk, Columbo alikuwa jukwaani, katika mchezo wa Prescription: Murder wa mwaka 1962. Waandishi wake, Richard Levinson na William Link, walimaliza onyesho moja wakaliona fupi, na Columbo keshatoka nje. Enzi hizo za taipureta, ukitaka kuchomeka maneno katikati unapiga chapa upya kurasa nzima. Nani ana nguvu hizo? Wakamrudisha tu mlangoni: samahani, jambo moja tu. Mtuhumiwa ameshashusha pumzi, pengine anajimiminia kinywaji, kumbe mambo bado. Link mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hiki.

Nabishana na shemeji: jina lake la kwanza ni Philip, sivyo?

Umeshindwa, mpe shemeji haki yake. Fred Worth, mtunzi wa vitabu vya chemshabongo, alilibuni "Philip" makusudi na kulipachika kitabuni ili amnase atakayemnakili. Mtego ukafyatuka: Trivial Pursuit, mchezo wa mezani wa maswali ya chemshabongo, ukatoka na swali lenye jibu hilohilo. Mwaka 1984 Worth akafungua kesi akidai dola milioni 300. Akaambulia patupu, kwani kunakili taarifa tupu si kuvunja hakimiliki. Ila ukisimamisha picha kitambulisho cha Columbo kinapoonekana katika sehemu iitwayo "Dead Weight" ya 1971, utasoma "Frank".

Mbona jicho lake moja kama halioni?

La kulia ni la bandia. Alilipoteza akiwa na miaka 3, kwa saratani.

Eti Spielberg, yule mwongozaji filamu maarufu, aliwahi kuongoza Columbo?

Kweli kabisa. "Murder by the Book", iliyofungua mfululizo Septemba 1971, ni kazi yake akiwa na miaka 24.

Vipi kuhusu gari na mbwa?

Mkweche ule ni Peugeot 403 ya paa la kukunja. Falk aliuona kwenye magari ya studio ya Universal akaushikilia. Mbwa alipoletwa mwaka 1972, Falk aligoma: koti ninalo, gari ninalo, mbwa wa nini tena? Kisha akamwona yule mbwa mzee mwenye masikio yanayoning'inia na uso wa usingizi, akalegea. Mbwa huyo alipokufa, mrithi wake alikuwa kijana mno, ikabidi apakwe vipodozi azeeke.

Na mke wake je, anayemtaja kila saa?

Kwenye filamu za Falk hatokei hata mara moja. Mke halisi wa Falk, Shera Danese, ametokea mara 6, kila mara akiwa mtu mwingine. Mwaka 1979 kituo cha televisheni cha NBC kilimtungia Bi Columbo mfululizo wake, akiigizwa na Kate Mulgrew, jambo ambalo Levinson na Link hawakulipenda. Mambo yalipokwenda mrama, NBC wakambadilisha jina na kumpa talaka.