Gawa kwa tisa: barua kwa mwanangu anayeulizia kazi ya fedha

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza kama ukimaliza chuo uingie kwenye kazi za fedha, na kwa ujanja wako umenikumbusha kwamba ni mimi mama yako niliyekuwa nikikuimbia "fedha fedheha". Halafu ukaongeza kwamba digrii yako ni ya historia na wale wenzako wa uchumi watakucheka.

Nianze na hilo la kuchekwa, maana ndilo jepesi. Hesabu ya kila siku kwenye kazi hii ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na asilimia. Yapo madawati yanayotaka hesabu nzito, kama ya kukadiria hatari za bima, na huko usiende. Kwingine kazi kubwa ni kusoma karatasi iliyoandikwa na mtu anayetaka sana uiamini, kisha ujiulize ameacha nini. Wewe umekuwa ukiwafanyia hivyo wafalme waliokufa tangu uingie chuo.

La pili ni refu kidogo, nivumilie.

Nilianza kama karani wa hesabu. Siku ya kufunga mwaka, mwaka wangu wa kwanza, urari, ile orodha ambayo jumla ya debiti lazima ilingane na jumla ya krediti, ukakataa: debiti imezidi krediti kwa 63. Sitini na tatu tu, kwenye vitabu vya mamilioni. Nikajumlisha safu zote upya, 63. Nikaazima mashine ya jirani, 63. Mkuu wangu alikuwa ameshavaa koti. Akasema niisukumie kwenye akaunti ya muda, ile ya kuwekea mambo yasiyoeleweka, watu waende nyumbani. Palikuwa na mzee mmoja wa leja, yaani daftari kuu la hesabu, mtu ambaye cheo kilimpita kila mwaka, akaniambia bila kuinua kichwa: "Gawa kwa tisa."

Nikagawa. Saba, bila baki.

"Basi kuna mtu amegeuza tarakimu mbili zilizopakana, na zinapishana kwa saba. Tafuta moja na nane, au mbili na tisa, au sifuri na saba."

Ghafla sikuwa natafuta tena kwenye kurasa mia mbili za namba, natafuta jozi tatu. Saa moja na robo baadaye nikaipata. Hati ya malipo inasema 2,918, leja inasema 2,981. Mwandiko ulikuwa wangu.

Utasema 63 ni kitu gani, na mkuu wangu naye alisema hivyohivyo. Lakini tofauti ndogo inaweza kuwa masalio ya makosa mawili makubwa yanayositiriana: huku mtu kazidisha 50,000, kule mwingine kapunguza 49,937, na wewe juu unaona 63. Mpaka uipate hujui umekalia nini. Wahenga waliosema mali bila daftari huisha bila habari walisahau kututahadharisha kwamba daftari lenyewe nalo lina pembe za giza.

Kuna benki ya London iliyokufa kwa sababu ya pembe kama hiyo. Barings ilianzishwa mwaka 1762. Kijana wao aliyekuwa Singapore, Nick Leeson, alificha hasara kwenye akaunti namba 88888, na kwa maelezo yake mwenyewe ilianza kwa kusitiri kosa dogo la mfanyakazi mwenzake. Mapema mwaka 1995 shimo lilikuwa limefika pauni milioni 827, na benki ikauzwa kwa ING, kampuni ya fedha ya Uholanzi, kwa pauni 1. Wengi husimulia habari hii kama ya kijana mkaidi. Mimi kinachonikera ni waliomweka pale: alikuwa anafanya biashara, na hapohapo anawasimamia watu wanaoandika na kulinganisha biashara hiyo. Yaani umemkabidhi mtu mmoja sanduku, ufunguo, na daftari la kuonyesha kilichomo.

Kwa hiyo swali langu kwako si kama unapenda pesa. Kila mtu anapenda pesa, hata wanaosema hawapendi. Nataka kujua kama unaweza kukaa na 63 wakati watu wameshavaa makoti, na ukishaipata, useme ni ya nani.

Mimi siku moja sikuweza. Hili sijawahi kukusimulia. Nilikuwa nimeshahamia kuwa afisa mikopo, robo ya mwaka inaisha, lengo la tawi halijafikiwa. Mbele yangu faili la mtu mwenye biashara ya msimu, anayeuza miezi minane kwa mwaka. Kwa miezi minane marejesho hayakutosha, nilipiga hesabu na nikajua. Meneja akaniambia, "Weka kumi na mbili, watu hujituma wakishapata mkopo." Nikaweka kumi na mbili. Nikasaini. Marejesho manne ya kwanza yalikuja kwa wakati, la tano likaja nusu, halafu kimya, na dhamana ilikuwa nyumba. Niliwahi kumwona yule bwana akitoka benki siku aliyokuja kukabidhi funguo. Alinisalimia kwa heshima zote, maana hakujua kwamba aliyebadilisha ile namba ni mimi. Fedha haikuwa na fedheha yoyote pale, mwanangu. Fedheha ilikuwa kwenye saini.

Habari ya mishahara unaijua kuliko mimi, maana naona umeichunguza. Ni kweli kwenye benki za uwekezaji wanalipa. Lakini gawa mshahara kwa saa. Mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza pale Goldman Sachs, mojawapo ya benki hizo, walijihoji wenyewe kwa wenyewe, na wastani ukawa saa 95 za kazi kwa wiki, usingizi saa tano kwa usiku. Kama utaridhika na hilo kwa miaka miwili mitatu, sikukatazi. Sipendi tu uingie ukidhani ile bonasi ni zawadi.

Na vyeti: usikimbilie. CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu, na wenyewe wanashauri kujisomea kama saa 300 kwa kila ngazi. ACCA, cheti cha wahasibu, ina mitihani 13, ingawa mingine husamehewa mtu aliyesoma uhasibu, ambaye si wewe. Fanya kazi mwaka mmoja kwanza ndipo ujue ni kipi kati ya hivyo kinakuhusu, au kama kuna kinachokuhusu.

Badala yake fanya hivi wiki hii. Tafuta ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, zinatolewa bure. Ruka picha na barua ya mwenyekiti. Nenda kwenye faida, kisha kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa fedha zilizotokana na shughuli za kawaida. Zilinganishe kwa miaka mitatu minne, za nyuma utazikuta kwenye ripoti zilizotangulia. Bidhaa iliyouzwa kwa mkopo huhesabiwa faida kabla hata senti haijaingia, kwa hiyo faida ikipanda kila mwaka na fedha taslimu haipandi, kuna jambo. Jibu mara nyingi liko kwenye maelezo ya mwishoni, yale ya herufi ndogo. Ukijikuta umesahau kula kwa sababu ya herufi hizo, una jibu lako. Ukisinzia, pia.

Na ukiitwa kwenye usaili, wakikuuliza kama una swali, uliza nani anaidhinisha malipo na nani analinganisha daftari na taarifa ya benki. Ikiwa ni mtu yuleyule, shukuru kwa muda wao na uende zako.

Ripoti utakayoisoma niletee ukija likizo, na usiiandikie chochote pembeni. Kalamu nyekundu ninayo.

Mama yako