Mama akandwe au asikandwe? Viungo baada ya chikungunya

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama mama akandwe, maana homa ya chikungunya, ule ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, ilishamtoka lakini vidole na vifundo vya miguu bado vinamuuma, na kila anayekuja kumjulia hali ana mkandaji wake wa kumpendekeza.

Mimi niliugua Mombasa, mlipuko ule wa mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Homa iliisha upesi, viungo ndivyo vilivyobaki. Asubuhi ngumi haikunjiki, chupa ya chai nafunguliwa na mtoto, na kukuna nazi nikaacha kabisa.

Akandwe, lakini kwanza gusa kiungo. Kikiwa kimefura na kina joto kuliko ngozi ya jirani, usikikande wala usikitie maji moto. Mkandaji mmoja wa mtaani alinichua kwa nguvu kifundo cha mkono kikiwa katika hali hiyo, na kesho yake hata kijiko sikuweza kushika. Kiungo cha namna hiyo kiwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika kumi hivi, kisha kipumzike. Kilichokakamaa bila joto ndicho cha maji ya uvuguvugu na mikono.

Aliyenifaa mimi ni binti mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Aliulaza mkono wangu juu ya taulo lililokunjwa, akapaka mafuta ya nazi kidogo, akachua nyama za mkono polepole. Kiungo chenyewe hakukibonyeza, alikizunguka pembeni kwa kidole gumba. Halafu akachukua kidole kimoja kimoja, akakikunja mpaka pale maumivu yanapoanza, akatulia hapo nivute pumzi, ndipo akakiachia. Nyumbani akanipa kazi ya kukamua kitambaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni. Kwangu beseni lile lilishinda mafuta yote niliyouziwa. Kukandwa hulegeza kwa muda tu. Kiungo kisipotumika, misuli hudhoofika na ukakamavu unarudi.

Akiamka na maumivu zaidi siku ya pili, jueni mlizidisha, punguzeni.

Kirusi chenyewe hakina dawa, hutulizwa maumivu tu. Lakini usimnunulie mama vidonge vya maumivu dukani kiholela, hasa kama ana presha, vidonda vya tumbo au shida ya figo. Daktari amchagulie.

Kuna hali moja ambayo hakuna mtu wa kumgusa: shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma. Huenda ni damu imeganda, na kulichua ni hatari. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na wakikwambia ni uzee tu, usikubali. Tangu ugonjwa huu utambuliwe Umakondeni, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952, maumivu ya viungo ndiyo alama yake kubwa, na vijana pia huwashika. Yakipita miezi mitatu na viungo bado vinavimba, omba barua ya kumwona daktari wa magonjwa ya viungo, kwa sababu wengine hubaki na hali inayofanana na baridi yabisi, na hiyo inataka dawa zake, mikono peke yake haitoshi.

Asubuhi vidole vyake huchukua muda gani kulegea? Na vifundo vya miguu vimevimba vyote viwili au kimoja? Niandikie hapa, nikueleze mazoezi ya miguu niliyopewa.